Nanga ya Kitu Kinachopepea: Vitenzi vya Upepo na Uhariri wa Video

Msemaji wa Kiswahili afikaye Tulia, katika Kaunti ya Kitui, hakosi kutambua kwamba jina la mahali hapo, kwa sikio lake, ni amri ya kutulia. Asili ya jina hilo si jambo tulilokusudia kulichunguza hapa. Tunalitaja kwa sababu katika miezi ya Julai hadi Septemba, wakati nchi imekauka na upepo ule ambao watu wa pwani huuita kusi unavuma kutoka kusini-mashariki, vitu vinavyotulia huwa ni vichache. Nguo zilizoanikwa, majani ya migunga, karatasi za sokoni, vumbi la barabarani na bendera ya shule, vyote huenda, na kila kimoja huenda kwa namna yake. Kiswahili nacho hukipa kila kimoja kitenzi chake.

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa kawaida halionekani katika majarida ya idara za lugha, yaani jinsi ya kukifanya kitu kilichotulia katika picha kionekane kinapigwa na upepo, kwa kutumia programu za kuhariri video. Tumeingia katika shamba hili kwa sababu ya mwanafunzi mmoja. Kijana huyu alikuwa ametengeneza video fupi kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, akitumia picha mnato aliyoipiga karibu na Tulia: mgunga, kamba ya kuanikia yenye leso mbili, na nyumba ya mabati. Alitaka upepo uvume kabla ya mhusika mkuu kutokea. Tulipoitazama video hiyo, mti ulitikisika, leso zikatikisika, na nyumba nayo ikatikisika, vyote kwa pamoja na kwa kipimo kimoja. Ilionekana kama tetemeko la ardhi. Tulipomwuliza alifanya nini, alijibu kwamba aliweka athari ya upepo. Jibu lake lilikuwa na nomino mbili na halikuwa na kitenzi hata kimoja chenye maana. Twadhani kosa la video na upungufu wa jibu vilitoka mahali pamoja.

Hoja yetu ni hii: swali la kwanza ambalo programu humwuliza mhariri ni kitu kimeshikwa wapi, na swali hilo limekwisha kujibiwa ndani ya vitenzi vya kawaida vya Kiswahili.

Tuvitazame vitenzi vyenyewe. Mti huyumba. Mlingoti huyumba, na chombo baharini huyumba. Kitu kinachoyumba ni kirefu au kizito, kimeshikwa chini, na sehemu yake ya juu ndiyo inayokwenda na kurudi. Taa iliyotungikwa darini haiyumbi kwa maana hiyo. Inabembea, maana imeshikwa juu na mwili wake wote unakwenda kama mtoto katika bembea. Leso kambani, ingawa nayo imeshikwa juu, haisemwi kuwa inabembea, ila inapepea. Bendera, ambayo imeshikwa ubavuni, inapepea pia. Kwa hiyo kitenzi pepea hakijali kama ukingo ulioshikwa ni wa juu au wa kando. Kinachodai ni kitu chembamba na laini, chenye ukingo mmoja ulioshikwa na mwingine ulio huru, ili mawimbi yapite katikati yake. Blanketi lililolowa maji, hata likianikwa kwenye kamba ile ile, huenda tukasema linabembea. Uzito umebadili kitenzi.

Kisha kuna karatasi iliyotoka mkononi. Hiyo inapeperuka. Haikushikwa popote. Katika peperuka twaona kiambishi -uk-, kile kile tukionacho katika ng'oka na banduka, ambacho mara nyingi hutaja kuachana na mahali pa asili. Hatimaye kuna tikisika, kitenzi kisichosema lolote kuhusu mahali pa kushikwa. Chaweza kutumika kwa mti, kwa meza, na hata kwa nyumba. Hicho ndicho kitenzi ambacho mwanafunzi wetu alikitekeleza bila kukitamka.

Sasa tuingie katika programu. After Effects, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1993, ndiyo inayojulikana zaidi kwa kazi hii. Blender, ambayo tangu 2002 hutolewa bure pamoja na msimbo wake, na DaVinci Resolve, ambayo ina toleo lisilolipiwa, zaweza kufanya mengi ya hayo hayo. Majina ya vitufe hutofautiana, lakini mwenendo wa kazi ni mmoja.

Hatua ya mwanzo ni kuitenga picha katika matabaka. Anga liwe tabaka lake, nyumba lake, mti lake, na kila leso lake. Kazi hii yachosha, na wengi huiruka, lakini isipofanywa upepo hauwezi kuchagua. Mahali mti ulipokatwa hubaki pengo, nalo huzibwa kwa kunakili sehemu za anga na kilima zilizo jirani, ili mti ukiyumba kusionekane shimo jeupe nyuma yake.

Baada ya hapo kila tabaka hupewa nukta ambayo litazunguka kwayo. Sisi tutaiita nanga. Katika After Effects nanga huwekwa na programu yenyewe katikati ya tabaka, na hapa ndipo wanaoanza wanapokosea. Ukiuzungusha mti ambao nanga yake iko katikati, matawi yatakwenda kulia na mizizi itakwenda kushoto, kama mshale wa saa. Mwenye kusema mti unayumba amekwisha kujua kwamba nanga sharti ishushwe hadi pale shina linapoingia ardhini. Kwa taa inayobembea, nanga hupandishwa hadi penye ndoano. Kwa karatasi inayopeperuka nanga haina kazi ya kushika. Karatasi hupewa njia ya kupita na hupinduka ikienda.

Mwendo wenyewe huwekwa kwa kutia alama katika fremu chache tu, na programu hujaza zilizobaki. Fremu hizo tumezoea kusikia zikitajwa kwa Kiingereza; tunapendekeza ziitwe fremu shikizi. Katika mfumo wa fremu 25 kwa sekunde, ambao ni wa kawaida katika televisheni ya Kenya, mhariri aweza kuweka fremu shikizi mwanzoni, mti ukiwa wima, na nyingine kwenye fremu ya 40, mti ukiwa umeinama nyuzi mbili upande wa demani, kisha nyingine kwenye fremu ya 90, ukiwa umerudi hadi nusu nyuzi. Tumesema nusu nyuzi kwa makusudi. Mti upigwao na upepo hauendi kushoto na kulia sawasawa kama pambizi ya saa ya ukutani. Huinama upande mmoja, hurudi kidogo, huinama tena. Mwendo wa sawa kwa sawa ni wa bembea, na macho ya mtazamaji hulitambua kosa hilo kabla hajapata maneno ya kulieleza.

Maneno ya kulieleza, hata hivyo, yapo. Wanamaji wa pwani hutofautisha upande wa goshini, upepo utokako, na upande wa demani, upepo uendako. Katika video nyingi tulizoziona, kasoro kubwa ni kwamba goshini na demani havijulikani: moshi waenda huku na nguo zaenda kule. Mhariri angeanza kwa kuandika juu ya karatasi goshini ni wapi katika picha yake, nusu ya makosa yangekwisha.

Shina likizunguka juu ya nanga bila kupinda, mti utaonekana kama ubao. Kwa hiyo programu hutoa njia ya kuupinda. Katika After Effects, tangu toleo la mwaka 2007, mhariri aweza kuipigilia picha pini, tuseme moja chini ya shina, moja katikati na moja kileleni, kisha akazisogeza kila moja peke yake, nayo picha ikajinyumbua kati ya pini na pini. Ya chini haisogei kamwe. Ya katikati husogea kidogo. Ya kileleni husogea zaidi, tena huchelewa fremu tatu au nne nyuma ya ile ya katikati. Kuchelewa huku ndiko kunakoonyesha ulaini. Tawi nene huchelewa na kwenda polepole. Kitawi chembamba huwahi na kwenda harakaharaka. Aliyezoea kusema shina linayumba, matawi yanatikisika na majani yanapepea, katika sentensi moja, amekwisha kuutenga mti katika mafungu matatu ya mwendo.

Leso hutaka njia nyingine. Ukiizungusha, itabembea tu. Kinachotakiwa ni wimbi linaloanzia ukingo ulioshikwa, likiwa dogo, na kukua likielekea ukingo ulio huru. After Effects ina amri iitwayo Wave Warp ambayo hupitisha wimbi katika tabaka, na ndani yake mna chaguo la kubana ukingo: wa juu, wa chini, wa kulia au wa kushoto. Kwa leso kambani hubanwa ukingo wa juu, na kwa bendera ule ulio upande wa mlingoti. Blender huenda mbali zaidi. Huitendea leso kama kitambaa halisi chenye uzito na ukinzani. Mhariri huteua sehemu zilizobanwa, huweka chanzo cha upepo na nguvu yake, kisha kompyuta hukokotoa mikunjo fremu kwa fremu. Lakini hata huko, usipoteua sehemu za kubanwa, leso yako itapeperuka na kutoka nje ya picha. Tumeliona jambo hilo darasani, na lilizua kicheko kingi. Tofauti kati ya pepea na peperuka ilieleweka siku ile kuliko ambavyo tungeweza kuieleza ubaoni.

Limebaki tatizo la mdundo. Upepo hauvumi kwa kipimo kimoja. Huja kwa dharuba, yaani kwa mapigo, ukatulia kidogo, ukaja tena. Ukiiambia kompyuta ichague namba kwa bahati nasibu katika kila fremu, kitu hakiyumbi. Kinatetemeka, maana kila namba haina uhusiano na iliyotangulia. Suluhisho la jambo hili lilitoka kwa Mmarekani Ken Perlin, ambaye alikuwa amefanya kazi katika filamu ya Tron ya mwaka 1982. Mwaka 1983 alibuni njia ya kukokotoa namba zisizotabirika ambazo hata hivyo hupanda na kushuka kwa ulaini, kila moja ikiandamana na jirani yake. Aliichapisha njia hiyo mwaka 1985, na mwaka 1997 akapewa tuzo ya ufundi na chuo cha filamu cha Marekani kitoacho Oscar. Programu za leo zinazoiga moshi, mawingu, maji au upepo zimeegemea sana fikira hiyo. Katika After Effects mhariri huandika amri ya wiggle yenye namba mbili: ya kwanza ni mara ngapi kwa sekunde, ya pili ni kwa umbali gani. Namba ndogo mwanzoni na kubwa mwishoni huleta kuyumba. Kubwa mwanzoni na ndogo mwishoni huleta kutetemeka. Hivyo tofauti ya vitenzi hivi viwili, ambayo kamusi huieleza kwa maneno mengi, yaweza kuandikwa kwa tarakimu mbili.

Yafaa pia dharuba moja ivipate vitu vyote, lakini si kwa wakati mmoja. Tuseme upepo unakwenda mita 6 kwa sekunde, na kati ya mgunga wa goshini na ule wa demani kuna mita 18. Dharuba itaufikia mti wa pili baada ya sekunde 3, yaani fremu 75. Mhariri stadi huunda dharuba moja katika tabaka tupu lisiloonekana, kisha huyaamuru matabaka mengine yote yaifuate, kila moja kwa kuchelewa kulingana na umbali wake. Hapo ndipo mtazamaji huuona upepo wenyewe ukipita, ingawa hakuna aliyeuchora.

Kwamba upepo huonekana kwa kazi yake tu, si jambo geni katika elimu. Mwaka 1805 Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alianza kuupima upepo kwa kutazama merikebu na matanga yake. Mwaka 1906 George Simpson akavitungia vipimo hivyo maelezo ya nchi kavu. Katika kipimo cha 2 majani huchakacha. Katika cha 3 majani na vitawi hutikisika bila kukoma na bendera nyepesi hukunjuka. Katika cha 4 vumbi na karatasi huinuka. Katika cha 5 miti midogo yenye majani huanza kuyumba. Katika cha 6 huja zamu ya matawi makubwa, na katika cha 7 miti mizima. Jedwali hili ni jedwali la vitenzi. Kwa mhariri lina faida ya papo kwa papo, kwa sababu humkataza kuvichanganya vipimo. Ukipeperusha karatasi sokoni huku majani ya mgunga yametulia, umesema uwongo. Ukiuyumbisha mti bila kutimua vumbi, katika nchi kavu kama Kitui mwezi wa Agosti, umesema mwingine.

Huenda msomaji akauliza kama haya yote hayapatikani katika Kiingereza. Yanapatikana. Kiingereza nacho kina vitenzi vyake vya kuyumba, kubembea na kupepea, na hatudai kwamba Kiswahili kimekipita. Jambo linalotushughulisha ni kwamba vitufe vya programu havikuitwa kwa vitenzi hivyo. Viliitwa kwa nomino za kiufundi. Nasi tunapotafsiri hufasiri nomino hizo moja baada ya nyingine, kana kwamba lugha yetu ni ghala la majina tu. Kazi ya kuzifanya kompyuta zizungumze Kiswahili si changa: mradi wa KiLinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, na baadaye wengine wakafuata. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, mwanafunzi akipewa orodha yenye athari ya upepo, kipindi cha athari na ukubwa wa athari, amepewa maneno ambayo hayamwelezi la kufanya. Neno athari lenyewe, kwa wasemaji wengi, lanukia madhara; madoido lingefaa zaidi. Lakini si madoido wala athari liwezalo kumwambia aweke nanga wapi.

Kuna ugumu mmoja katika hoja yetu, nao hatutauficha. Tumesema pepea ni ya kitu kilichoshikwa na peperuka ni ya kilichoachiliwa. Mbona basi watu hupeperusha bendera, nayo bendera haiachi mlingoti? Magazeti ya Kenya hupeperusha bendera za vyama kila uchaguzi hadi neno limechakaa. Twadhani sababu ni kwamba pepea ina maana mbili, ya kupigwa na upepo na ya kumpunga mtu kwa kipepeo, na msemaji atakaye kusema anakifanya kitu kipepee huikimbilia peperusha ili asieleweke vibaya. Kauli ya kutendesha imevuka mpaka ambao kauli ya kutendeka bado inauchunga. Karatasi imepeperuka na bendera inapepea ni sentensi zinazotofautiana waziwazi. Kizipeperushe zote mbili, tofauti inafifia. Kwa mwalimu wa uhariri ushauri wetu ni kwamba asitegemee kauli ya kutendesha anapoeleza. Aulize kitu kinafanya nini, asiulize mhariri anakifanya nini.

Haya yanavihusu vyuo vya kwetu kwa karibu. Wanafunzi wengi watokao Kitui na Makueni wamelelewa kwa Kikamba, wakakipata Kiswahili shuleni na sokoni, na Kiingereza darasani. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2013, kiko Kwa Vonza, katika kaunti hiyo hiyo ya Kitui. Vijana wanaorekodi arusi na mazishi katika miji midogo hujifunza kazi yao kwa kutazama na kuigiza, wakibonyeza vitufe ambavyo majina yake hawayafasiri. Idara za lugha zaweza kuwapa zaidi ya orodha ya istilahi. Zaweza kukusanya vitenzi vya mwendo kama visemwavyo, katika Kiswahili na katika Kikamba, na kuuliza kila kimoja: kitu kimeshikwa wapi, kizito kiasi gani, kinarudi au hakirudi? Kazi hiyo haihitaji kompyuta. Yahitaji kusimama penye kamba ya nguo siku ya upepo.

Mwanafunzi wetu alirudi baada ya majuma mawili. Nyumba ilikuwa imetulia. Mti uliyumba, ukiinama upande wa demani, na kilele kikichelewa. Leso zilipepea, ya kwanza ikitangulia kidogo na ya pili ikifuata. Vumbi jepesi lilipita chini. Tuliitazama mara mbili kabla ya kugundua kwamba vivuli vya leso, pale ardhini, havikuwa vinakwenda popote. Alicheka, akachukua kompyuta yake, akaenda kuvitenga katika tabaka.